Draya Iliyomfuata Mwenyewe

Ilala, Dar es Salaam
16 Februari 2024

Kaka yangu Mwinyimvua,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute kibarazani na si kitandani, maana nimesikia kifua chako kimeanza tena. Sisi huku ni wazima, kwa kadiri ya watu waliofiwa. Tangu ulivyotuaga baada ya matanga, wageni wote wameondoka, majamvi yamerudi msikitini, na nyumba imebaki na ukimya ambao sikuwahi kuujua. Hata paka wa jirani haji tena, labda kwa sababu aliyekuwa akimtupia vichwa vya dagaa ni marehemu Kitwana.

Utashangaa kuona karatasi. Simu tumeijaribu, kaka. Wewe unauliza nimeamkaje, mimi naanza kulia, na wewe unaanza, salio linakata na hakuna aliyesema kitu. Kwenye karatasi nikilia nafuta machozi naendelea, wewe huoni. Filbert, kondakta wa basi la Mtwara, amekubali kuwa tarishi wetu. Nimemwahidi sitambebesha na samaki.

Eda naikaa kama ilivyo. Sitoki, sijipambi, sijifukizi, nimevaa nyeupe kutwa kucha. Kazi ya kufua inaendelea uani, na mlangoni anasimama Zamda, msaidizi wetu. Unamkumbuka, yule mwanamke wa Masasi mwenye sauti kubwa. Wauzaji wa Mchikichini wanaleta nguo walizozitoa kwenye marobota, tunafua, tunakausha, tunapiga pasi, na shati la mtumba linatundikwa sokoni kama limeshonwa jana.

Sasa lililonishikisha kalamu. Draya ya kukaushia nguo imegoma. Tangu siku za matanga haijazunguka. Ukibonyeza, taa inawaka, inavuma mmmm kama mtu mwenye jipu, na pipa limetulia tuli. Baadaye inanyamaza yenyewe. Shangazi zake Kitwana wamesema imemfuata mwenyewe. Nilicheka, kisha nikaingia chumbani nikalia, kwa sababu kweli yeye ndiye aliyekuwa akiiwasha kila asubuhi huku akiipigapiga mgongoni na kuiita mke mdogo.

Shemeji Abbasi, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi ya kaka yake, alimleta fundi wa mtaa wa Gerezani anayeitwa Beno. Mimi nikajifungia chumbani. Beno akaisikiliza akiwa amesimama, akamwambia Zamda mota imekufa. Hakufungua hata skurubu moja. Alitaka kuibeba, nikakataa, maana mimi siwezi kutoka kuifuata, na mashine isiyofuatwa hurudi ganda. Basi ndugu wa marehemu wakakaa, wakakata shauri. Nikitoka eda, kama draya inazunguka itakuwa fungu langu, nibaki Ilala na kazi yangu. Kama haizunguki itauzwa chuma chakavu, vyumba warudishiwe wenyewe, na mimi nirudi kwako Mikindani.

Sikatai kwako, kaka. Ila sitaki kurudishwa kama mzigo uliokosa mwenyewe kituoni. Masika yanakuja na kamba za uani hazitakausha hata leso. Wewe umetengeneza mashine za watu tangu ulipokuwa kivukoni Magogoni. Nielekeze, mikono ninayo.

Dada yako,
Sitara


Mikindani
27 Februari 2024

Dada Sitara,

Marahaba. Kifua ni mafua tu. Watu wa huku wakikuona umefunga kitambaa shingoni wanaanza kuchanga sanda. Mimi mzima, nakula, nalala. Bati la upande wa mashariki nimelibadilisha, lilikuwa linavuja, na chumba kile nimekipaka chokaa. Kitanda cha mama kipo na ni imara. Nasema tu ili ujue.

Umefanya vyema kuandika. Herufi za simu na macho yangu zimeshaachana.

Kuhusu draya. Kwanza ichomoe kwenye umeme, na usiniambie umesahau. Fungua mlango, zungusha pipa kwa mkono. Likienda jepesi mno, mkanda umekatika. Likigoma kabisa, kuna kitu kimejibana, na mitumba ina mambo, niliwahi kutoa funguo za Wazungu kwenye mashine ya kufulia. Likienda kwa uzito wa kawaida, mkanda upo. Kisha funua kile kifuniko cha nyuma kwa chini, uchungulie kwa kioo na tochi kwenye pangaboi linalosukuma hewa. Soksi ikijisokota pale, mota inavuma tu haina pa kwenda. Anza na hayo.

Lakini usijichoshe, Sitara. Mwanamke wa eda hapigani na vyuma. Kila chuma kina siku zake, na hakuna aibu mashine ikizeeka. Hakuna aibu pia mtu kurudi kwao.

Kaka yako,
Mwinyimvua


Ilala
13 Machi 2024

Kaka Mwinyimvua,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Leo tumefunga, na mvua imenyesha tangu asubuhi. Zamda, ingawa ni Mkristo, hali mbele yangu mchana, anajificha nyuma ya pipa la maji na chapati yake halafu anadhani simwoni.

Nimefanya ulivyosema. Pipa linazunguka kwa uzito wa kawaida, kwa hiyo mkanda upo. Kazi ilikuwa kioo. Siku ya mazishi bibi mmoja wa upande wa Kitwana alikigeuza kioo chetu kikatazama ukuta, akasema mjane wa eda hajitazami. Shehe wa msikiti wetu ameshasema hilo halimo kwenye dini, ni mambo ya wazee, lakini nani atabishana na bibi mwenye bakora? Basi nikamwambia Zamda akishike kioo yeye, mimi nishike tochi, nitazame mota bila kujitazama.

Nikatazama mota, sikujitazama. Hapana, nakudanganya. Zamda mkono ulimchoka, kioo kikainama, nikamwona mwanamke mwenye uso wa mama yetu, mashavu yameingia, nywele zimechomoza nyeupe penye mtandio. Nikakaa chini sakafuni. Zamda akauliza nimeona nini kwenye mota, nikamwambia vumbi.

Na vumbi lilikuwepo, kaka, manyoya ya nguo ya kujaza mto. Tulitoa soksi ya mtoto, vifungo, na utepe wa gauni la harusi ambalo sijui lilipita lini. Pangaboi sasa linazunguka kwa kidole. Tukachomeka tena umeme. Mmmm. Pipa tuli.

Wauzaji wameanza kuhama. Idd inakaribia, wanataka nguo kavu, na za kwetu zinatoka na harufu ya unyevu. Abbasi alikuja na tende, akasimama nyuma ya pazia, akauliza kwa upole, "Shemeji, inazunguka?" Nikamwambia bado. Akasema, "Basi tuombe Mungu." Si mtu mbaya. Lakini ana wenzake nyuma yake wanaohesabu.

Umenipa hatua ya kwanza tu, kaka. Nipe zinazofuata. Tafadhali usichelewe.

Sitara


Mikindani
29 Machi 2024

Dada Sitara,

Marahaba. Nimechelewa, nisamehe. Mvua, na Filbert alibadilishiwa zamu. Funga inakwenda vizuri. Futari nakula kwa jirani, watoto wake wananipenda kwa sababu nawatengenezea baiskeli. Usiku kuna redio, inanitosha.

Nimefikiri sana habari ya mashine yako. Ukishaona mkanda ni mzima na pangaboi ni jepesi, kinachobaki ni mota. Nadhani yule Beno hakukosea. Mota ya namna hiyo kuipata ni shida, na ikipatikana ni ya kubahatisha. Sioni hatua nyingine ya kukupa.

Ndugu wa marehemu wameamua kwa haki, usiwachukie. Zamda ana nguvu, hakosi kazi. Wewe njoo. Asubuhi huku hakuna honi, utakunywa chai yako ukiwa umekaa. Mtu akishafikia umri wetu hahitaji kuanza upya kupambana na watu wa sokoni.

Chokaa imekauka vizuri.

Kaka yako,
Mwinyimvua


Ilala
16 Aprili 2024

Kaka Mwinyimvua,

Shikamoo. Idd tumeila kimya kimya. Jirani alileta pilau, Zamda akapika tambi, nami nikakaa mlangoni kwa ndani nikiwasikiliza watoto wakipita na viatu vipya. Nilimlilia Kitwana bila kujificha, kisha nikaoga.

Sasa soma polepole.

Barua yako ya mwisho niliipokea nikakata tamaa kabisa. Nilianza hata kukunja mashuka. Zamda akawa amekaa ukumbini anapoa jasho, akainua mkono, akalisukuma feni letu kwa kidole ili lianze kuzunguka. Kila nyumba hapa Ilala ina feni la namna hiyo. Linavuma halianzi, unalisukuma kwa kidole, linakwenda. Hata mtoto anajua kwamba kapasita imechoka, maana kapasita ndiyo inayoipa mota ule msukumo wa kwanza. Nikamtazama Zamda, Zamda akanitazama. Tukaenda uani tunasukumana mlangoni.

Tulilizungusha pipa kwa nguvu zetu zote, nikafunga mlango wa draya haraka, Zamda akabonyeza kabla halijatulia. Mara ya kwanza tulichelewa. Tukarudia, tukachelewa tena kwa sababu ya kucheka. Kisha likashika, kaka. Lilizunguka! Zamda akapiga vigelegele hadi mpangaji wa mbele akauliza kama kuna mtu amezaa. Mota ni nzima. Haijawahi kufa.

Nikataka kuiona hiyo kapasita. Tukachomoa umeme, tukafungua ubavuni. Ni kuukuu, imevimba tumbo, na imefungwa kwa uzi wa nyavu. Uzi wa nyavu, kaka, na fundo lile la baba la kukunja mara mbili na kurudisha mkia ndani. Katika Ilala yote hakuna anayelijua fundo hilo ila mimi, na mimi sikulifunga.

Nilimwita Abbasi. Aliposimama nyuma ya pazia nikamuuliza nani aliifungua mashine siku za matanga. Akafikiri. Akasema, "Si kaka yako? Feni langu kubwa liligoma, wazee wanakaribia kuzimia kwa joto pale barazani, akasema tumwachie. Mimi nilimshikia tochi. Alitoa kidude huku akatia kule, cha kule akatia huku. Nilidhani alishakirudisha. Mpaka leo feni lile liko kwenye meza yangu Mchikichini, linapuliza vizuri." Halafu akaelewa. Akasema, "Shemeji, wallahi mimi sikujua." Nikamwamini.

Sikulaumu kwa feni. Ulifanya kwa huruma, wazee wale walikuwa wamekuja kumzika mume wangu, na katika msiba nani hasahau? Lakini nilipokuandikia kwamba inavuma haizunguki tangu matanga, ulijua. Siku ile ile ulijua. Ukanipa kioo nihangaike na soksi. Ukaniambia kila chuma kina siku zake. Watu wamesema mbele yangu mashine imemfuata mwenyewe, nami nusu nikaamini, nikawa naiombea dua draya, na wewe ulikuwa unajua kilichoiua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nafua nguo maisha yangu yote, sikukiona.

Nina hasira, na sitaki kuipunguza. Niandikie kwa nini.

Sitara


Ilala
24 Mei 2024

Kaka Mwinyimvua,

Shikamoo. Barua yako sijaipata. Nilijiambia ni maji, maana barabara ya kusini ilikatika na mabasi yalilala Somanga. Lakini barabara imefunguliwa, Filbert amerudi, na kutoka kwako ameniletea kifurushi kidogo. Ndani kuna kapasita mpya, umeizungushia gazeti na mpira. Nimelifunua gazeti pande zote mbili. Hukuandika hata neno.

Nimetoka eda. Nilioga, nikavaa kanga yenye rangi, nikaenda kaburini kumsalimia Kitwana, kisha nikapita Mchikichini kwa miguu yangu kuwaona wateja. Mmoja wao, dada anayeitwa Violeth, aliangusha magauni aliyoyashika akanikumbatia mbele ya watu. Magauni hayo hayo yamekuja kwangu kufuliwa tena, yaliangukia kwenye tope.

Ndugu walikuja kama walivyoahidi, Abbasi na wazee wawili. Wakasimama uani. Nilizungusha pipa, nikafunga mlango, Zamda akabonyeza, likaenda. Mzee mmoja akasema, "Hii inasukumwa, hii si kuzunguka." Nikaona vyumba vinarudishwa, kaka. Abbasi akamjibu, "Mzee, hata wewe ulisukumwa asubuhi ndipo ukaamka. Inazunguka. Ni ya shemeji." Wakapiga dua, wakanywa chai, ikaisha. Draya ni yangu na Ilala nabaki.

Sasa sikiliza. Kapasita yako nimeiweka kabatini. Kariakoo zimejaa, Zamda angeileta kabla chai haijapoa, na Abbasi mwenyewe ametaka kurudisha ile ya kwanza. Nimewakataza wote. Kila asubuhi tunalisukuma pipa kwa mikono, bega linaniuma, na nitaendelea kulisukuma. Wewe uliifungua mashine ya mume wangu. Wewe ndiye utakayeifunga.

Ile sababu ambayo hukuniandikia nimeshaijua. Tangu wifi Husna afariki hujawahi kuniambia unalala peke yako kwenye nyumba ile. Unaniambia bati, chokaa, kitanda cha mama, redio. Nami nilikuwa na Kitwana wangu, sikuuliza. Ungesema tu, "Sitara, nimechoka na ukimya," ningekuja hata kwa miguu, ningekaa mwezi, ningekupikia mpaka unifukuze. Badala yake uliacha kazi yangu ife ili nikose pa kwenda. Imeniuma kuliko uongo wowote niliowahi kuambiwa, na bado wewe ndiye kaka yangu, sina mwingine.

Mikindani sirudi kukaa. Hapa kuna chumba cha pili, kina dirisha, na watu wa kupiga nao soga ni wengi kuliko unavyotaka.

Sitara


Njiani
3 Juni 2024

Dada Sitara,

Marahaba. Samahani kwa mwandiko, naandikia pajani na barabara hii mashimo yake hayajaisha.

Nilikuandikia barua nyingi mwezi wa nne na wa tano. Zote nilizichana, kwa sababu kila moja ilianza na habari za mvua. Mwishowe nikatuma kapasita, nikadhani itasema yenyewe. Fundi mjinga ni yule anayedhani kila kitu kinasemwa na vipuri.

Ulichoandika ni kweli chote. Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nilikwenda mpaka Mtwara mjini kukununulia kapasita siku hiyo hiyo, nikaishika mkononi, nikaiacha dukani. Nikarudi nyumbani nikapaka chokaa.

Jioni nikitia chai, bado natoa vikombe viwili, cha pili nakirudisha. Watoto wangu wananipigia Ijumaa, wananiuliza kama nimekula, nasema ndiyo. Nina upweke, Sitara. Nimekaa nalo neno hili kooni tangu Husna aondoke, nikaona kwa mwanamume ni aibu, afadhali aibu ya mashine. Nilitaka uje, na sikutaka uje kwa kuombwa. Nilikukosea wewe na nilimkosea shemeji yangu ambaye udongo wake haujakauka.

Barua hii sikumpa Filbert. Amekaa mbele yangu anagawa tiketi, anauliza mbona leo mzigo ni mimi. Bisibisi ninayo mfukoni. Mlangoni kwako nitabisha hodi, nitakupa karatasi hii mkononi kabla hujanisalimia, maana nikianza kusema tutalia kama kwenye simu na hutaisikia.

Funga mlango uisome hadi mwisho. Mimi nitasimama hapo nje. Ukitaka, nifungulie.

Kaka yako,
Mwinyimvua